Mkanda wa saa huanzia kwenye pini

Casio F-91W ilianza kuuzwa mwaka 1989 na mpaka leo umbo lake halijabadilika. Ina gramu 21, unene wa milimita 8.5, na betri yake ya CR2016 hudumu miaka kama 7. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, haitangulii wala kuchelewa kwa zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Kwa hiyo kinachokufa kwanza katika saa hii si mashine, ni mkanda. Huanza na ufa mdogo kwenye tundu la bizimu au pale mkanda unapokutana na kasha. Siku moja hukatika, na saa yenyewe bado inatembea kama kawaida.

Hapo ndipo wengi huitupa. Bei ya mkanda wa kiwandani mara nyingi haiko mbali na bei ya saa nzima, na mtu hujiambia bora anunue nyingine. Mashine nzuri yenye miaka ya betri ndani yake inakwenda jalalani kwa sababu ya kipande cha plastiki. Jambo hili huniuma. Kwa saa ya bei nafuu mkanda sahihi hupatikana, ila uchaguzi wake lazima uanzie mahali ambapo watu hawaangalii.

Nichukue mfano wa mpwa wangu. Anafanya kazi kwenye boti zinazopeleka wageni Maziwe, kisiwa cha mchanga nje ya Pangani ambacho hufunikwa na maji bahari ikijaa. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika kama 12, kwa hiyo yeye huhitaji saa mkononi kuliko watu wengi wa mjini. F-91W yake ilikatika mkanda, akaniambia: "Mjomba, nitafutie mkanda usiokatika."

Ombi lake ni la haki, lakini linalenga pembeni. Saa inaweza kuzama baharini mkanda wake ukiwa mzima kabisa. Inatosha pini moja itoke.

Pini yenyewe ni kijibomba chembamba cha chuma chenye springi ndani. Ncha zake mbili hubonyea, kisha huchomoka na kuingia kwenye vitundu vilivyo katika masikio ya kasha, yaani zile pembe mbili zinazoupokea mkanda. Pini za kawaida zina kipenyo cha milimita 1.5 au 1.8. Saa za kuzamia kama Seiko SKX007 hutumia pini nene za milimita 2.5, na unene huo una sababu yake. Katika saa ya kawaida, kinachozuia saa isianguke ni kijincha kifupi sana cha chuma kilichokaa ndani ya kitundu. Uimara wote wa mkanda, ngozi nene au mshono mara mbili, unaishia hapo.

Maji ya chumvi yakiingia ndani ya kijibomba, springi huota kutu na ncha haichomoki tena kikamilifu. Ukiitazama kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana nashikilia kwamba pini za zamani zisirudishwe kwenye mkanda mpya. Pini mbili mpya kwa fundi saa yeyote ni gharama ndogo kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii, na ndizo zenye thamani kuliko zote.

Baada ya pini, kipimo. Chukua rula, pima nafasi iliyo kati ya masikio kwa ndani. Kwa F-91W ni milimita 18. Seiko 5 ya SNK809 nayo ni 18, Timex Weekender ya milimita 38 ni 20, Casio Duro MDV-106 ni 22. Upana wa kasha hautakuambia nafasi hiyo, na kukisia kwa macho kunaponza, maana pini iliyopungua milimita moja inaweza kuingia, ikaonekana imeshika, na ikachomoka siku ya kwanza unapovuta kamba ya nanga. Mkanda uliopungua una kasoro nyingine: huteleza upande mmoja na kuacha pini wazi upande wa pili. Atakayeitazama filamu ya Goldfinger ya mwaka 1964 ataliona jambo hilo kwenye mkono wa Sean Connery. Saa yake ni Rolex ya kifahari, lakini mkanda wa nailoni wenye mistari hauzibi nafasi, na pini zinaonekana.

Tatizo la pini ni la zamani. Saa nyingi za mkononi za Vita Kuu ya Kwanza hazikuwa na pini ya springi. Zilikuwa na waya uliolehemiwa kwenye kasha. Baadaye jeshi la Uingereza lilitumia saa zenye vyuma visivyotoka kabisa, na mkanda ukalazimika kupitishwa chini yake. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitoa kiwango chake, Defence Standard 66-15: mkanda wa nailoni ya kijivu wenye upana wa milimita 20, wa kipande kimoja kirefu, na chini yake kipande kifupi cha kuizuia saa isiteleze. Askari aliupata kwa kujaza fomu ya G1098, ndiyo maana wengine bado huuita G10. Madukani huitwa NATO.

Nauona kama mojawapo ya vitu vilivyofikiriwa vizuri zaidi katika historia ya saa. Mkanda wa vipande viwili huiachia saa pini moja ikitoka. Wa kipande kimoja hupita chini ya pini zote mbili na nyuma ya kasha, kwa hiyo pini ikichomoka saa hubaki ikining'inia kwenye ya pili. Kwa mtu anayefanya kazi juu ya maji, sioni hoja ya rangi au mtindo inayoweza kuishinda hii.

Sasa kitu chenyewe kinachotengenezewa mkanda. Plastiki ya F-91W, ambayo Casio huiita rezini, ni ya jamii ya poliurethani, au angalau mikanda mingi ya aina hiyo ndivyo ilivyo. Ni laini, nyepesi na haishiki uchafu. Udhaifu wake ni unyevu. Molekuli za maji huvunja polepole minyororo inayoishikilia plastiki hiyo, na joto huharakisha kazi hiyo. Mkanda uliolala miaka kwenye droo ya pwani unaweza kupasuka siku ya kuvaliwa ingawa haujawahi kuvutwa na mtu. Jasho, chumvi na mafuta ya kujikinga na jua huongeza. Dawa ya mbu yenye DEET ni kali zaidi: hulainisha na kuharibu aina nyingi za plastiki, hata vioo vya saa vya plastiki, na inaharibu ngozi pia. Nailoni haiidhuru. Kwa kijana anayewagusa wageni waliojipaka vitu hivyo kuanzia asubuhi, jambo hili lina uzito.

Ngozi naiweka pembeni upesi. Pwani huoza kwa jasho, hunuka, na ikilowa kwa maji ya bahari hukauka ngumu. Ni nzuri kwa saa ya kuvalia kanzu Ijumaa. Ngozi bandia ni mbaya zaidi, kwani tabaka lake la juu hubanduka. Angalia ukingo wake uliokatwa, ukiona tabaka la plastiki juu ya kitambaa, iache.

Silikoni ni laini mkononi lakini hushika vumbi, na ikichanika kidogo mchaniko huendelea mpaka mwisho. Mpira wa florini, ule unaoandikwa FKM, hustahimili jua, chumvi na mafuta kuliko yote niliyotaja, na kwa saa ya kuzamia ningeuchagua bila kusita. Hata hivyo mikanda mingi ya FKM ni minene kichwani, na hapo F-91W inakataa: pini yake imekaa karibu sana na kasha, na kichwa kinene hakizunguki. Chuma cha pua hakipendi mchanga. Chembe zikiingia kwenye vipingili husaga mchana kutwa. Tena kwa saa ya gramu 21, mkanda wa chuma huzidi uzito wa saa yenyewe, na saa huvutwa upande wa kifungo.

Ikabaki nailoni, na bado uchaguzi haujaisha, kwa sababu nailoni ya kijeshi kamili ina tabaka mbili nyuma ya saa. Kila tabaka ni milimita kama 1.2 au zaidi. Ukiziweka zote chini ya kasha la milimita 8.5, saa inapanda hadi karibu 11 au zaidi, na sifa kubwa ya F-91W, kulala bapa juu ya mfupa wa mkono, inapotea. Tulichagua ya kipande kimoja tu, bila kile kifupi cha chini. Usalama wa pini mbili unabaki uleule. Kinachopotea ni kizuizi cha kuteleza saa inapovuliwa, nayo ni hasara ndogo.

Katika kuikagua nailoni dukani, tazama matundu. Yawe yameyeyushwa kwa moto, kingo zake ngumu kidogo. Yaliyotobolewa tu hufumuka. Ncha ya mkanda iwe hivyo hivyo. Kiunganishi cha bizimu kiwe kimelehemiwa kwa joto au kushonwa kwa mishono inayovuka, na chuma cha bizimu kisiwe cha rangi iliyopakwa juu, kwa sababu rangi ikitoka, nikeli iliyo chini yake hugusa ngozi, na wapo wanaotoka vipele.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Saa hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa, pini ya zamani husukumwa kuelekea katikati kwa bisibisi nyembamba kupitia nafasi iliyo upande wa nyuma, na mkanda wa zamani hutoka. Kisha faida nyingine ya kipande kimoja inaonekana: pini mpya zinawekwa kabla ya mkanda. Hakuna kinachozificha. Unaziona ncha zikiingia, unazivuta kwa kucha, unazisukuma kushoto na kulia, na isiyotulia unaibadilisha papo hapo. Ndipo nailoni inapopitishwa. Ya mpwa wangu ilikuwa ndefu kwa mkono wake mwembamba, tukaikata ncha na kuipitisha kwenye moto wa kiberiti mpaka nyuzi zikashikana.

Nilimwambia pia jambo ambalo mkanda hauwezi kubadilisha. F-91W huvumilia mvua na mrusho wa maji. Si saa ya kuzamia, na nailoni ya kijeshi haiifanyi kuwa hivyo. Akishuka majini kuvuta boti, aivue. Jioni aisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mkanda ukiwa umesukumwa pembeni ili pini zipate maji, kisha aianike kivulini. Na kila mara atakapoufua mkanda, abonyeze ncha za pini kwa bisibisi: ikirudi kwa nguvu, ni nzima, ikirudi kwa uvivu, anunue mbili.