Nzige wa Isiolo na Hesabu ya Mstari Mnyoofu

Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani walivuka mpaka na kuingia kaskazini mashariki mwa Kenya. Haukupita muda mrefu, wakawa wametanda Isiolo, Samburu na Marsabit. Kwa Kenya ulikuwa uvamizi mbaya kuliko wote katika miaka 70. Dawa na ndege zimezungumzwa sana. Mimi nataka kuchambua kazi iliyotangulia dawa: mchungaji ameona kundi limetua kwenye migunga, naye rubani yuko mbali, hajui aelekee wapi. Habari ya mchungaji iligeukaje kuwa namba mbili tu, yaani umbali na mwelekeo?

Hatua ya kwanza ilikuwa simu. Mwaka 2020 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likishirikiana na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, lilitoa programu ya simu iitwayo eLocust3m. Anayeona nzige hurekodi hali yao, na simu yenyewe hunasa mahali aliposimama. Jambo hili lina maana kubwa katika kaunti yenye maeneo mapana yasiyo na mtandao, kwa sababu kipokezi cha GPS husikiliza setilaiti na hakihitaji mnara wa simu. Hatua ya pili ilikuwa ramani ya pamoja. Kampuni ya 51 Degrees ya hapa Kenya ilichukua EarthRanger, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kulinda wanyamapori dhidi ya majangili, ikaielekeza kwenye nzige. Taarifa za waangalizi na mienendo ya ndege zikaonekana kwenye kioo kimoja. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara sana: tatizo la kumfuata ndovu na la kulifuata kundi la nzige ni lile lile, kujua kitu kiko wapi sasa na aliye karibu nacho ni nani.

Sasa tuifungue hesabu yenyewe. Chukua uwanja wa ndege wa Isiolo, ulioko takriban latitudo 0.338 kaskazini na longitudo 37.59 mashariki, na mji wa Merti, takriban 1.07 kaskazini na 38.67 mashariki. Programu nyingi hutumia fomula ya haversine, iliyokuwa chombo cha mabaharia wa karne ya 19 na kufufuliwa kwa ajili ya kompyuta na Roger Sinnott mwaka 1984. Fomula hii huichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371. Jibu lake kwa safari yetu ni kilomita 145.07, mwelekeo karibu nyuzi 56 kutoka kaskazini halisi, yaani kaskazini mashariki ukiegemea mashariki kidogo.

Lakini dunia si tufe kamili. Imebonyea kwenye ncha na kutuna katikati, na hapo ndipo Isiolo inapovutia. Kwenye ikweta nyuzi moja ya kwenda mashariki ni kilomita 111.32, ilhali nyuzi moja ya kwenda kaskazini ni kilomita 110.57 tu. Tufe halijui tofauti hiyo. Kwalo kila nyuzi ni kilomita 111.19. Kwa hiyo anayetoka Isiolo kuelekea kaskazini huongezewa zaidi ya nusu ya asilimia moja ya umbali, na anayekwenda mashariki hupunjwa kiasi kidogo sana. Safari ya Merti inakwenda mshazari, basi makosa hayo mawili yanapunguzana: jibu sahihi zaidi ni kilomita 144.92, tofauti ya mita 150 hivi. Ukipima Isiolo hadi Moyale, mwendo ulioegemea kaskazini, tufe linakupa karibu kilomita 388 na duaradufu linakupa karibu 386.3. Hapo umepotea kilomita 1.7. Anayehitaji usahihi atumie fomula ya Thaddeus Vincenty ya mwaka 1975, au bora zaidi ile ya Charles Karney ya mwaka 2013, ambayo tayari imo ndani ya programu huria ya PROJ.

Kuna neema nyingine ya kukaa karibu na ikweta, na nasikitika kwamba haifundishwi kwa maofisa wa nyanjani. Huku mistari ya longitudo iko karibu sambamba, kwa hiyo kwa masafa ya kaunti moja unaweza kuhesabu kwa kalamu. Zidisha tofauti ya latitudo kwa 110.57, zidisha tofauti ya longitudo kwa 111.3, kisha tumia kanuni ya Pythagoras ya darasani. Kwa Merti unapata kilomita 80.9 kuelekea kaskazini na 120.2 kuelekea mashariki, na jibu linalingana na lile la duaradufu kwa tofauti isiyofika mita 50. Hesabu ya dakika mbili inatosha kukagua mashine ya mamilioni ya shilingi. Ukifanya vivyo hivyo London, ambako nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 69 tu, utapotea vibaya.

Na ukaguzi unahitajika, kwa sababu makosa makubwa hayatoki kwenye fomula. Yanatoka kwenye kinachoingizwa.

Makosa mengine hujifichua yenyewe. Geuza mpangilio wa namba za Merti, longitudo iwe latitudo, na ramani itakupeleka Bahari ya Mediterania, jirani na kisiwa cha Ibiza cha Uhispania. Hakuna atakayetuma helikopta huko. Linalonitia hofu ni kosa linalotoa jibu la kuaminika. Kaunti ya Isiolo iko karibu yote kaskazini mwa ikweta, lakini sehemu kubwa ya Kenya inayohesabiwa kila siku, Nairobi ikiwemo, iko kusini na huandikwa kwa alama ya kutoa. Mtu aliyezoea kuiweka alama hiyo akiiweka mbele ya latitudo ya mji wa Isiolo, 0.35, anatua karibu na Chuka, upande wa pili wa Mlima Kenya, umbali wa karibu kilomita 78. Chuka ni mahali halisi, kuna watu na mashamba. Programu haitalalamika.

Mwelekeo nao una mtego wake. Lugha ya Python na jedwali la Excel zote zina kazi iitwayo atan2, lakini Python hutaka kipimo cha wima kwanza na Excel hutaka cha mlalo kwanza. Anayenakili fomula kutoka moja hadi nyingine bila kugeuza atapata nyuzi 34 badala ya 56. Umbali utabaki sahihi kabisa, na hilo ndilo litakalomlaghai, kwa maana rubani ataruka kilomita zile zile 145 na kufika mahali palipo kilomita 55 kaskazini magharibi mwa Merti, mafuta yakiwa yamepungua na nzige wasionekane. Mtu aliyechora mshale mmoja kwa mkono angeliona kosa kabla injini haijawashwa.

Kosa la tatu limelala kwenye makabati ya ofisi. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS84. Namba zile zile zikisomwa kwa mfumo usio wake husogea takriban mita 300. Kundi la nzige lenye upana wa kilomita kadhaa halitajali. Kisima au jiwe la mpaka vitajali sana, na maofisa wanaorithi orodha za visima zisizosema zilipimwa kwa mfumo gani wana haki ya kudai maelezo hayo.

Hata namba zikiwa safi, bado kuna saa. Nzige huruka mchana wakisukumwa na upepo na wanaweza kwenda kilomita 150 kwa siku, kwa hiyo taarifa ya saa sita mchana huanza kuoza pale pale inapotumwa. Jioni hutua kwenye miti, na hawaondoki hadi jua la asubuhi liwapashe joto. Mahali palipoandikwa jioni panabaki kweli hadi alfajiri, na ndiyo maana taarifa ya jioni ilikuwa na thamani kuliko nyingine: ilimpa rubani usiku mzima wa kupanga na saa chache za kunyunyiza kabla kundi halijanyanyuka. Programu yoyote inayoonyesha umbali na mwelekeo bila kuonyesha saa ya taarifa pembeni yake, tena kwa maandishi makubwa, inampeleka rubani kwenye miti mitupu.