MB 100 Zinazowasha Mifumo Miwili

Anayetaka Windows na Ubuntu zikae kwenye kompyuta mpakato moja huanza na hesabu ya nafasi. Diski ina GB 512. Windows ibaki na ngapi, Ubuntu ipewe ngapi? Hesabu hiyo humnyima usingizi, nayo ndiyo nyepesi kuliko yote yanayomsubiri. Ndani ya maeneo yao makubwa mifumo hii haisumbuani, mithili ya wapangaji wenye vyumba tofauti. Ugomvi wao uko mlangoni.

Nafasi yenyewe hukatwa kutoka ndani ya Windows, kwa zana ya Disk Management. Zana hiyo ina ubahili wake: diski inaweza kuwa na GB 200 tupu, nayo ikakubali kuachia 40 tu. Kinachoizuia ni mafaili yasiyohamishika yaliyokaa katikati ya diski, likiwamo lile la kulaza kompyuta. Amri ya powercfg /h off hulifuta faili hilo na papo hapo kuzima Fast Startup, na hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi. Fast Startup ikiwa hai, Windows huonekana imezimwa kumbe imehifadhi kiini chake diskini na kuacha patisheni yake haijafungwa sawasawa. Ubuntu ikiikuta hivyo, huisoma lakini haiandiki kitu humo.

Kabla ya kugusa chochote, ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, wenye tarakimu 48 uwe umeandikwa mahali nje ya kompyuta hiyo. GRUB, programu ya kuwashia ya Ubuntu, ikitangulia mbele ya Windows, chipu ya TPM huona kwamba njia ya kuwaka imebadilika, na Windows huudai ufunguo huo. Asiyekuwa nao hawezi kuyafikia mafaili yake.

Sasa mlango. Katika mpango wa zamani wa MBR, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, sehemu ya kwanza ya diski ilikuwa na baiti 512 tu: 446 za programu ya kuwashia, 64 za jedwali la patisheni nne, na mbili za alama ya mwisho. Programu moja tu ndiyo iliyopata nafasi, kwa hiyo mfumo uliosakinishwa baadaye uliifuta ya mwenzake. Ndipo ulipotoka ushauri wa kutanguliza Windows.

Mfumo mpya wa kuwasha wa UEFI na jedwali la GPT vimepunguza uhasama huo. Kila mfumo una folda yake katika patisheni moja ya FAT32, ambayo kwa kawaida Windows huitengea MB 100: humo mna EFI\Microsoft na EFI\ubuntu, jirani kwa jirani. Anayesakinisha Ubuntu kwa mkono huielekeza kwenye patisheni hiyo hiyo kama /boot/efi, bila kuifomati. Alama moja ya tiki kwenye kisanduku cha kufomati, na Windows haiwaki tena hata kama faili zake nyingine zote zipo. MB 100 zinaitosha Ubuntu kwa sababu kerneli zake hukaa kwingine. Wanaotumia systemd-boot na kuziweka kerneli humo humo hubanwa mapema.

Nani atangulie? Hilo huandikwa katika orodha iliyo kwenye kumbukumbu ya ubao wa kompyuta, nje kabisa ya diski. Sasisho kubwa la Windows likiipandisha Windows juu ya orodha, Ubuntu haijafutwa. Amri ya efibootmgr -o huirudisha juu. Na Windows isipoonekana kwenye menyu ya GRUB, tatizo huwa dogo zaidi: tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe.

Hata saa ni ya pamoja. Ubuntu huiweka kwa UTC, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Dar es Salaam ikiwa saa nne asubuhi, Windows huamka ikidai ni saa moja.

Tarehe 13 Agosti 2024 kumbukumbu ile ya ubao ilileta kizaazaa. Masasisho ya Windows ya mwezi huo yalibeba hatua ya kuzuia matoleo ya GRUB yenye udhaifu wa CVE-2022-2601. Hayakugusa patisheni ya Ubuntu hata moja. Yaliandika kwenye ubao kiwango kipya cha kukubalika, kiitwacho SBAT. Shim, programu ndogo yenye saini ya Microsoft ambayo Secure Boot, ulinzi wa kuwaka wa UEFI, huipitisha kabla ya GRUB, ilikisoma kiwango hicho, ikajikuta iko chini yake, ikatoa ujumbe wa ukiukaji wa sera ya usalama na kuzima mashine. Windows iliendelea kuwaka kama kawaida.

Microsoft ilikuwa imesema kompyuta zenye mifumo miwili zitarukwa, kisha ikakiri kwamba utambuzi wake haukuzinasa zote. Udhaifu wa GRUB ulikuwa wa kweli na kuuziba ni haki. Kasoro ni kwamba mfumo mmoja uliamua bila kuhakikisha mwenzake upo. Walioathirika walizima Secure Boot, wakaingia Ubuntu, wakaandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, wakawasha upya mara moja ndipo wakairudisha Secure Boot. Marekebisho ya Windows yenyewe yalifika Mei 2025.