Gleizi ya Kupuliza: Bomba Si Hoja, Hoja ni Tabaka

Vigae vilivyofukuliwa kwenye magofu ya Gede na Mnarani, pwani ya Kenya, ni vya namna mbili. Vya vyungu vya wenyeji havina mng'aro. Vyenye ngozi ya kioo viliingia na majahazi kutoka Uajemi na China. Tofauti hiyo imetokana zaidi na moto kuliko mikono. Chungu cha pwani kilichomwa uwanjani kwa kuni, na moto wa wazi haudumu kwenye joto kali. Gleizi ni unga wa mawe uliokorogwa na maji, unaoyeyuka motoni na kuganda kama kioo juu ya udongo. Nyingi zisizo na risasi hutaka nyuzi 1,000 za selisiasi na zaidi.

Siku hizi tanuri dogo la umeme laweza kukaa uani Kuruwitu, kwenye pwani hiyohiyo. Likishapatikana, kazi inayobaki ni kuipaka gleizi ienee sawasawa. Kikombe huchovywa kwa urahisi, lakini bakuli kubwa hudai ndoo nzima ya gleizi, na brashi huacha michirizi. Ndipo watu wanapoanza kuulizia bei ya kompresa na bunduki ya rangi kama ya mafundi wa magari.

Wafinyanzi wa Jingdezhen, China, walilimaliza tatizo hilo bila mashine. Mwaka 1743 Tang Ying, msimamizi wa karakana za kauri za mfalme, aliandika maelezo ya picha 20 za kazi yao. Fundi alitwaa kipande cha mwanzi chenye upana wa kama sm 3 na urefu wa kama sm 22, akafunga shashi mwisho mmoja, akauchovya kwenye gleizi, kisha akapuliza kwa mdomo kutoka mwisho wa pili. Vyombo vidogo vya mviringo viliendelea kuchovywa. Vikubwa vilipulizwa, kwani kuvichovya kulileta unene usio sawa na kuvunja vingi. Fundi alirudia kupuliza mara 3 au 4, hata mara 17 au 18, kulingana na ukubwa wa chombo na aina ya gleizi.

Hesabu hiyo ndiyo ya kushika. Shashi kazi yake ni kupasua gleizi iwe matone. Unene huja kwa kurudia. Chombo kilichochomwa mara ya kwanza kina vitundu vinavyonyonya maji na kuubakiza unga juu. Kikishiba hakinyonyi tena, na tabaka linalofuata huteleza. Kwa hiyo utazame uso wake: ukianza kumeta, acha. Ukishafifia, zungusha chombo, puliza tena. Matone yakiwa laini mno, au yakitoka mbali, hukauka hewani na kutua kama vumbi linalopukutika likiguswa. Gundi kidogo ya mgunga husaidia kulishika.

Kuruwitu, unyevu wa bahari huchelewesha ukaukaji. Chombo kianikwe juani kwanza kipate vuguvugu, na kazi ifanywe jua likishapanda. Kusi ikivuma, hupeperusha gleizi kabla haijatua. Katoni kubwa lililolazwa ubavu barazani, nyuma ya ukuta, linatosha: ndani kisahani cha kuzungusha, nyuma kitambaa chenye maji cha kunasa vumbi.

Vumbi hilo lina silika, inayoharibu mapafu yasipone tena. Hapo ndipo mwanzi unaposhindwa, maana huwezi kupuliza kwa mdomo ukiwa umevaa barakoa. Chupa ya kunyunyizia kwa mkono hufanya kazi ileile huku pumzi yako ikilindwa. Barakoa iwe ya chujio la vumbi laini, leso haitoshi, na meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

Maji ya kuoshea nayo yasimwagwe ufuoni. Gleizi nyingi za kijani zina shaba, ambayo ni sumu kwa viumbe wa baharini, na wenyeji wa Kuruwitu walifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, juhudi iliyowapa Tuzo ya Ikweta ya UNDP mwaka 2017. Yaache maji ndooni, mashapo yatulie, kisha uyakusanye mashapo hayo.

Mwenye pesa kidogo anunue barakoa kwanza, kisha chujio la kuchujia gleizi, kisha chupa ya kunyunyizia. Kompresa itamharakishia kupuliza, lakini kungoja tabaka likauke kuko palepale.