Nyama ya Jumapili ya Waingereza, na Neno Liifaalo

Walimu wengi, wakisimulia chakula cha Waingereza cha adhuhuri ya Jumapili, husema ni nyama ya kuchoma. Neno hilo hatulikubali. Katika kuchoma, mafuta huanguka motoni, na moshi wake huongeza utamu. Bali Mwingereza akiyapoteza mafuta hayo amepoteza karamu yake.

Zamani, ni kweli, pande la ng'ombe lilizungushwa katika mshikaki mrefu wa chuma, mbele ya moto wala si juu yake, na chini pakawekwa sinia la kukinga matone. Humo ndimo lilimotiwa rojo la unga wa ngano, mayai na maziwa, ambalo Hannah Glasse aliliita Yorkshire pudding katika kitabu chake cha mwaka 1747. Katika karne ya 19 yakaenea majiko ya chuma yenye tanuri. Nyama ikaingia ndani, ila sinia likabaki. Kwa hiyo sisi twaipima karamu hii kwa sinia. Viazi vichemshwe kidogo, vitikiswe hata vichubuke, ndipo viokwe katika mafuta yenye moto sana, rojo liumuke, nyama ipumzike kabla ya kukatwa, na maji yake yaingie mchuzini. Tumepata kukaribishwa penye nyama njema, viazi vikavu na mchuzi wa maji matupu: tulishiba, hatukufurahi.

Basi na tuseme kuoka. Kubanika nako hakuko mbali, maana nyama hukaa kando ya moto, ila chini yake hapana sinia.