Kisiwa Kisicho na Bahari: Ngorongoro katika Masimulizi ya Safari

Neno safari ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yaliyovuka bahari na kupokewa katika lugha nyingi za ulimwengu. Lilipoondoka pwani lilibeba maana ya kila mwendo wa mtu: wa kwenda Hija, wa biashara, wa kumtazama mgonjwa, hata ule wa mwisho usio na marejeo. Liliporudi lilikuwa limekonda. Katika vitabu na filamu za wageni, safari ni juma moja la kutazama wanyama kutoka ndani ya gari lililoinuliwa paa. Ufinyu huo si wa msamiati peke yake, bali ni wa namna nzima ya kusimulia, na hapana mahali unapodhihirika zaidi kuliko Ngorongoro.

Safari ya namna hiyo ina mpango unaojulikana. Wageni huanzia Arusha, hupita Tarangire na Ziwa Manyara, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka mji wa Karatu, hulala hapo, na alfajiri huelekea lango la Lodoare ili washuke katika kasoko ya Ngorongoro, au kreta kama waiitavyo madereva, kabla ya kuendelea hadi Serengeti. Aliyezaliwa visiwani hatakosa kutambua kwamba mpango huu ni wa merikebu ya watalii. Gari ndiyo merikebu, dereva ndiye nahodha, na abiria huonywa wasishuke ila mahali palipotengwa, mathalani penye bwawa la Ngoitokitok, ambapo hula chakula cha mchana huku mwewe wakiwavizia. Hata nchi yenyewe yausaidia mfano huo. Ngorongoro, Olmoti, Empakai, Lemagrut, Oldeani na Loolmalasin ni milima ya volkano iliyosimama juu ya tambarare kama funguvisiwa, na mwenzao wa kaskazini, Ol Doinyo Lengai, uliwahi kulipuka kwa nguvu katika miaka ya 2007 na 2008.

Kasoko ina upana wa kilomita zipatazo 19, kina cha mita 600 hivi, na sakafu ya takriban kilomita za mraba 260. Mtu akisimama ukingoni, jicho lake humwambia kwamba kilichomo ndani hakihusiani na kilichoko nje. Kwa hiyo si ajabu kwamba masimulizi ya wageni yameiita safina, bustani ya Edeni, na aghalabu kisiwa. Si vibaya kutumia tashbihi. Linalostahili kuhakikiwa ni lile linalotendwa na tashbihi hiyo baada ya kukubaliwa, kwa kuwa kisiwa cha msimulizi huyu ni mahali palipotengwa, pasipo mlango wala jirani, na ambapo mtu yeyote aliyemo ni mgeni aliyeingia kwa makosa.

Kazi iliyoijenga taswira hiyo kuliko nyingine zote ni kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, zilizotoka mwaka 1959 kwa Kijerumani na kujulikana duniani kwa jina lenye maana ya kwamba Serengeti haitakufa. Baba alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Wawili hao waliombwa kuhesabu wanyama wakati serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipokuwa ikipanga kubadilisha mipaka ya hifadhi, na walifanya kazi hiyo kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa juu ya ukingo wa Ngorongoro, na majivu ya baba yake, aliyefariki mwaka 1987, yaliwekwa papo hapo. Magari yatokayo Karatu husimama mbele ya mnara wao wa mawe kabla hayajaendelea.

Kwa upande wa fani, kazi hii haina budi kusifiwa. Wazo la kuitazama nchi kutoka angani lilimwezesha mtazamaji kuona kwa mara ya kwanza makundi ya nyumbu yakitiririka kama maji, na rangi za filamu hiyo zilistahili tuzo ya Oscar iliyoipata mwaka 1960. Nguvu yake kubwa, hata hivyo, imo katika muundo. Yaliyoanza kama hesabu yanaishia katika tanzia, na kwa kuwa kazi ilikamilishwa na baba aliyefiwa, kila tarakimu iliyomo inabeba uzito wa maombolezo. Msomaji huona haya kubishana nayo. Hoja inayolindwa na jeneza haipingwi kwa urahisi, na hoja ya kitabu hicho ilikuwa nzito: kwamba hifadhi ya taifa yapasa kuwa pori la asili lisilokaliwa na mtu, hata aliye mwenyeji.

Wamasai wamo katika kazi hiyo, wala si haki kusema kwamba wamefutwa. Ila nafasi waliyopewa ni ya wapitaji. Mnyama hupewa makazi, njia na idadi, ilhali binadamu hupewa vazi na mkuki. Kutoka angani boma huonekana kama duara la miba, na mtazamaji haambiwi ni nani aliyelijenga, wala ni kisima kipi kinachonywesha ng'ombe wake. Jicho la ndege, ambalo ndilo uzuri wa filamu hii, ndilo pia kasoro yake.

Pori hilo la asili lina historia inayolikanusha. Mzungu wa kwanza kuandika habari za kasoko alikuwa Oscar Baumann, Mwaustria aliyefika hapo Machi 1892 pamoja na msafara uliotoka Tanga. Huyu si mgeni kwa wasomaji wa visiwani, kwani ndiye yule yule aliyeandika baadaye juu ya Mafia, Unguja na Pemba, akawa balozi mdogo wa nchi yake mjini Zanzibar. Alichokikuta Ngorongoro hakikuwa Edeni. Alikuta Wamasai waliodhoofika kwa njaa, kwa kuwa sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wao. Baadaye ndugu wawili Wajerumani, akina Siedentopf, walifanya sakafu ya kasoko kuwa shamba la mifugo mpaka Vita Vikuu vya Kwanza, na magofu ya nyumba zao yangali yapo. Makaburi ya kale yaliyofukuliwa humo humo yanathibitisha kwamba wafugaji walikuwako zamani mno kabla ya hao wote. Kwa hiyo utupu uliowapendeza wageni haukuwa hali ya asili ya nchi, bali, kwa sehemu kubwa, makovu ya maradhi.

Sotoka hiyo ndiyo inayofichua udhaifu mwingine wa masimulizi haya. Akina Grzimek walihesabu nyumbu wasiofika 100,000, wakaonya kwamba kundi lilikuwa hatarini. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu wa Serengeti walikuwa wamezidi milioni moja. Wataalamu waliochunguza ongezeko hilo walikuta sababu yake kuu si bunduki ya askari wa wanyama, bali sindano ya bwana mifugo. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa, sotoka ikatoweka miongoni mwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndama waliokuwa wakifa kila mwaka wakaanza kukua. Ni kweli kwamba maradhi hayo yaliingia Afrika Mashariki kwa njia ya ng'ombe, lakini tiba nayo ilipitia kwa ng'ombe hao hao. Uhusiano wa zizi na mbuga ulikuwa wa ndani kiasi hicho, na simulizi iliyoweka ukuta kati yake haikuweza kuuona.

Simba wa kasoko wanatoa ushahidi wa aina yake. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi, nzi wanyonyao damu waliongezeka kupita kiasi wakawadhoofisha simba, na kati ya makumi waliokuwamo wakasalia wachache mno. Madume kadhaa yaliingia kutoka nje, kisha kwa miaka mingi mlango ukawa kama umefungwa. Simba walioonekana na kupigwa picha na wageni kwa miongo iliyofuata walitokana na wazazi wasiozidi ishirini, na watafiti wakabaini kwamba walikuwa wakizaana wao kwa wao na kupungukiwa nguvu ya uzazi. Hapo ndipo Ngorongoro ilipokuwa kisiwa kweli, na hali hiyo ilikuwa msiba. Tangu miaka ya 2010 vijana wa jamii za wafugaji, chini ya mradi wa KopeLion, wamekuwa wakifuatilia nyayo za simba, wakiwaonya wachungaji na kuwatafuta ng'ombe waliopotea, ili simba wapite kati ya kasoko na Serengeti bila ya kuuawa. Mlango wa kisiwa hicho unalindwa na watu wale wale ambao simulizi liliwahesabu kuwa wamezidi.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu hahitaji kufundishwa jambo hili. Kisiwa anachokijua yeye huishi kwa bandari yake. Mchele, mbao, habari na wachumba huvuka mkondo, na siku vyombo visipofika ndipo mtu hukumbuka kwamba amezungukwa na maji. Nayo fasihi yake ya safari ilijengwa juu ya maarifa hayo. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliochapishwa Göttingen mwaka 1901 kwa uhariri wa Carl Velten, Selemani bin Mwenye Chande husimulia njia ya bara kwa kuhesabu vituo, majina ya wakubwa na hongo iliyodaiwa, na Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896, hushughulika zaidi na watu aliowakuta, chakula chao, nyumba zao na desturi zao. Masimulizi hayo yana kasoro zake. Mara nyingi mandhari huachwa kando, na biashara inayosimuliwa haikuwa safi wakati wote. Lakini kila nchi ndani yake ina mwenyewe, na msafiri anajua kwamba hawezi kupita bila ya kusemezana naye. Hiyo ndiyo maana ya safari iliyoachwa bandarini neno liliposafiri.

Yaweza kujibiwa kwamba haya ni ya vitabu tu. Sivyo. Mwaka 1959 Wamasai waliotolewa Serengeti waliahidiwa Ngorongoro kuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wangeishi pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakikaa sakafuni mwa kasoko waliondolewa, na mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku. Kuanzia mwaka 2022 kaya nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali imeueleza kuwa wa hiari na ambao wakazi wengi na watetezi wa haki wameupinga. Agosti 2024 maelfu ya wakazi walijitokeza kwenye barabara iendayo Serengeti kudai haki zao za kupiga kura na kupata huduma. Hoja ya serikali si ya kupuuzwa: wakazi waliokuwa 8,000 hivi mwaka 1959 wamezidi 100,000, na nyasi hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Mjadala wa haki wawezekana juu ya tarakimu hizo. Lakini mjadala hauwi wa haki ikiwa taswira iliyotangulia akilini mwa kila mtu, hakimu na mfadhili pamoja, ni ya kisiwa kitupu.

Karatu, ambayo katika vitabu vya wageni ni mahali pa kulala tu, ndiko taswira hiyo inakovunjika. Udongo mwekundu wa mashamba ya Wairaqw hupanda mpaka kwenye mstari wa msitu wa hifadhi, ukakoma hapo kama uliokatwa kwa kisu. Msitu hunasa ukungu, ukungu huwa chemchemi, na chemchemi hunywesha kahawa ya Oldeani na vitunguu vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na Wamasai hukutana katika magulio ya wilaya hiyo, na madereva wanaoshusha wageni kreta kila alfajiri huyajua yote haya. Wao humweleza mgeni, kwa lugha yake, kuhusu faru, heroe na simba, kwa sababu hayo ndiyo aliyolipia. Jioni, gari likishaoshwa, husimuliana kwa Kiswahili habari nyingine: nani amehama, nani amekataa, ni kisima gani kimekauka, ng'ombe wa nani ameliwa. Masimulizi hayo ya jioni bado hayajapata kitabu chake wala filamu yake. Yatakapoandikwa, mhakiki ayapime kwa ukali ule ule, na asiyasamehe uvivu wa fani kwa sababu ya uchungu wa maudhui. Lakini kwanza yaandikwe, na yaandikwe katika lugha iliyolitoa neno safari.