Ribiti za Jarrow

Charles Mark Palmer, mwenye yadi ya kuundia meli huko Jarrow, kaskazini mashariki mwa Uingereza, alipotaka kuisifu meli yake John Bowes alitaja saa tu. Katika safari yake ya kwanza, mwaka 1852, ilipakia tani 650 za makaa ya mawe mtoni Tyne kwa saa 4. Saa 48 baadaye ilikuwa imefika London. Ikapakuliwa kwa saa 24, ikapiga mvuke tena saa 48, ikawa imerudi kwao. Siku tano zote. Merikebu mbili za matanga zingeihangaikia kazi hiyo zaidi ya mwezi, maana zingengoja upepo kwanza. Meli nyingine za mvuke zenye rafadha zilikwisha kujaribiwa katika biashara ya makaa, lakini hii ndiyo iliyowathibitishia wenye fedha kwamba mvuke unalipa.

Palmer alijivunia kasi. Mimi huistaajabia zaidi kwa umri wake. Meli ile ya kubebea mzigo mchafu, ya urefu wa futi 150 hivi, ilikuwa bado kazini mwaka 1933. Injini zake zilibadilishwa, wenyewe wakabadilika, bendera zikabadilika. Bodi lake la chuma kilichofuliwa, kabla ya feleji kushuka bei, ndilo lililodumu, na lilishikwa na ribiti, yaani pini za chuma za kuunganishia mabamba.

Kupiga ribiti kulikuwa kazi ya kikosi. Mdogo wao, aghalabu mvulana, alikaa kwenye tanuri dogo akivuta mvukuto. Macho yake ndiyo kipimo: ribiti ikiwa haijaiva haitaujaza mwanya wa tundu, ikipitiliza chuma kimeungua, haifai tena. Ikifikia rangi yake anaichomoa kwa koleo na kuirusha. Mwenziwe aliye ndani ya meli anaidaka, anaichomeka, na mshikizi anakigandamiza kichwa chake kwa nyundo nzito. Kwa nje wapo wapigaji wawili, mmoja hupigia mkono wa kulia na mwingine wa kushoto ili nyundo zisigongane. Wanapokezana, huyu, yule, huyu, mpaka ncha iliyotokeza inatanuka na kulala juu ya bamba. Hapo wanaiacha, na inapopoa husinyaa na kuyavuta mabamba mawili yakabanana kwa nguvu ambayo nyundo peke yake isingeipata. Fundi amefanya nusu ya kazi, nusu nyingine ameiachia baridi. Nasi tunao mfano wa kazi hiyo: meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ingawa ni ya Kijerumani na ya karne iliyofuata, iliungwa kwa ribiti namna hiyohiyo pale Kigoma.

Wapigaji walilipwa kwa idadi ya ribiti, na anayelipwa kwa idadi hushawishika kuharakisha. Ndiyo maana alifuata mkaguzi mwenye kinyundo. Aligonga kichwa kimoja kimoja na kusikiliza. Ribiti iliyoshika hutoa mlio mkavu, iliyolegea huitika kizito, nayo ilikatwa na kazi ikaanza upya.

Kisha ikaja zamu ya kukalafati. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu huziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta. Jarrow hapakuwa na pamba. Fundi alichukua tindo butu akaupiga ukingo wa bamba mpaka ukajibana juu ya bamba la pili, chuma kikaziba chuma. Mshono ule haukuwa na cha kuoza. Lakini gharama ilikuwapo, na waliilipa kwa masikio: kelele za nyundo ndani ya bodi tupu la chuma ziliwaacha wapiga ribiti wengi viziwi kabla ya uzee.

Baharini, ustadi ulihamia kwa watu wengine. Makaa yakimiminwa tumboni mwa meli hukaa kama kilima, na kilima kikiporomoka upande mmoja katika mawimbi, meli inalala. Kwa hiyo palikuwa na wanaume walioshuka na sepetu ndani ya vumbi kuyasawazisha mpaka pembeni. Kurudi nako kulikuwa na shida yake, maana London haikuwa na shehena ya kurudisha Tyne, na meli tupu hupepesuka. Merikebu za zamani zilibeba farumi ya mchanga na kokoto, zikaimwaga kwenye kingo za Tyne hadi vikatokea vilima. Meli za mvuke zikajifunza kuingiza maji ya bahari na kuyatoa kwa pampu, bila sepetu hata moja. Hesabu ya siku tano isingewezekana miaka nenda miaka rudi kama farumi ingeendelea kupakiwa kwa mikono.

Mwishoni mwa karne John Bowes iliuzwa ng'ambo, ikapewa jina jipya, kisha jingine. Ilipozama katika tufani pwani ya kaskazini ya Hispania, Oktoba 1933, iliitwa Villa Selgas na ilibeba madini ya chuma. Mwaka huohuo yadi ya Palmer ilikuwa imefilisika. Mafundi wa Jarrow walibaki na ujuzi wao na hawakuwa na meli ya kuunda. Oktoba 1936 wanaume wapatao 200 wa mji huo walitembea kwa miguu hadi London kuliomba Bunge kazi, na waziri mkuu, Stanley Baldwin, akakataa kuonana nao.