Connecticut ya Thabeet: ulinzi uliojengwa mbele ya mtu mmoja

Mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani hauna sheria inayomkataza mlinzi kusimama chini ya kikapu chake. NBA wanayo tangu 2001: mlinzi akizidisha sekunde tatu kwenye eneo la ndani bila kumkaba mtu kwa karibu, timu yake inaadhibiwa. Vyuoni anaweza kukaa pale mpaka filimbi ya mwisho. Timu nyingi hazinufaiki na ruhusa hiyo kwa sababu hazina mchezaji wa kuitumia. Msimu wa 2008-09 Chuo Kikuu cha Connecticut kilikuwa naye, na alitoka Dar es Salaam.

Hasheem Thabeet alikuwa na urefu wa mita 2.21, na huo ulikuwa msimu wake wa tatu chuoni. Alianza kuushika mpira huu akiwa na miaka kama 15, umri ambao vijana wengi wa Marekani wanaopata nafasi katika timu za namna hii wameshacheza mashindano kwa miaka. Hilo lilionekana kwenye mikono na miguu yake kila alipopewa mpira mgongo ukiwa umeelekea ringi. Ulinzi ulikuwa habari nyingine. Kocha Jim Calhoun, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1999 na 2004, aliamua kwamba timu nzima icheze kana kwamba mlango wa nyuma umefungwa.

Takwimu za Thabeet msimu ule zilikuwa bloku 152, wastani wa 4.2 kwa mechi, pamoja na pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Timu ilishinda mechi 31 na kupoteza tano. Anayesoma takwimu hizo peke yake atadhani kazi ilikuwa kuzuia mitupo minne kila usiku. Bloku nne ni mipira minne tu katika mechi yenye mashambulizi sitini au sabini kila upande, na mpira uliopigwa kofi ukaenda nje ya mistari unarudi kwa wapinzani walewale. Faida kubwa ilikuwa kwenye mitupo ambayo haikurushwa kabisa: mshambuliaji ameshampita mtu wake, njia iko wazi, anaingia hatua mbili, anauona mkono ule, anageuka na kuutoa mpira nje. Hakuna mwandishi wa takwimu anayeandika kitu hapo. Saa ya mashambulizi, wakati ule ya sekunde 35, inaendelea kula muda.

Mpango wenyewe ulianzia mbali na kikapu. Mchezaji wa nje wa kawaida anamkaba mtu wake akiwa na hofu mgongoni. Akipitwa, wenzake watalazimika kuacha watu wao na kuja kumsaidia, na hapo ndipo mitupo ya pointi tatu isiyokabwa inapozaliwa. A.J. Price, Jerome Dyson, Craig Austrie na kijana wa mwaka wa kwanza Kemba Walker hawakuwa na hofu hiyo. Waliweza kumbana mwenye mpira kifua kwa kifua na kumfuata akitoka kwenye skrini, yaani kizuizi anachowekewa mlinzi na mshambuliaji mwingine, kwa sababu akiwapita anaangukia kwa Thabeet. Wale wa pembeni nao hawakuhitaji kukimbilia ndani. Walibaki na watu wao kwenye mstari wa pointi tatu, na mchezaji aliyepenya akajikuta hana wa kumpasia aliye wazi wala nafasi ya kumalizia.

Kwenye skrini Thabeet mara nyingi alirudi nyuma badala ya kumfuata mwenye mpira hadi nje. Alimwachia mtupo wa kati, ule wa mita nne au tano, ambao makocha wengi wanaukubali kuwa ndio wenye faida ndogo kuliko yote. Aliporuka kuzuia, mtu wake alibaki huru, na hapo kazi ilikuwa ya Jeff Adrien: mfupi kwa kiwango cha wachezaji wa ndani, lakini mwenye mabega ya mbeba mizigo, aliyekuwa akiokota takriban ribaundi kumi kwa mechi. Ulinzi uliosifiwa kwa jina la mmoja ulikuwa ukimaliziwa na wawili. Adrien hajapata sifa anazostahili kwa hilo.

Msimu huohuo vyuo vilisogeza mstari wa pointi tatu wa wanaume kutoka mita 6.02 hadi 6.32. Sentimita thelathini ni kitu kidogo kwa maandishi, ila kwa Connecticut zilikuwa na pande mbili. Mtupo wa mbali uligeuka kuwa mgumu kidogo kwa wapinzani waliotaka kumkwepa Thabeet. Papo hapo uwanja ulitanuka, na mchezaji wa ndani mwenye nguvu akapata nafasi zaidi ya kufanyia kazi.

Januari na mwanzo wa Februari ulinzi huo ulifanya kazi bila kukwama. Tarehe 24 Januari 2009 walikwenda kwa Notre Dame, ambao hawakuwa wamepoteza nyumbani katika mechi 45 mfululizo, wakashinda 69-61. Wiki moja baadaye Providence walilala 94-61, na Thabeet akamaliza na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Tarehe 2 Februari, Louisville, timu iliyokuwa kati ya zile tano bora, ilifunga pointi 51 tu uwanjani kwake. Kufikia hapo Connecticut ilikuwa imepanda kileleni mwa orodha ya ubora ya taifa.

Kisha goti la Dyson likaharibika kwenye mechi dhidi ya Syracuse tarehe 11 Februari, na msimu wake ukaishia hapo. Alikuwa mtu wa zaidi ya pointi 13 kwa mechi, na pia ndiye aliyekuwa akibana mpira kwa ukali zaidi kule nje.

Siku tano baadaye wakaja Pittsburgh, mjini Hartford. Tarehe 16 Februari ilikuwa siku Thabeet anatimiza miaka 22, na DeJuan Blair hakumletea keki. Blair alikuwa mfupi kwake kwa takriban sentimita ishirini, mpana, na alikuwa amegundua jambo ambalo wapinzani wengi hawakulifikia: mkono mrefu hauna kazi kama miguu haijaondoka sakafuni. Hakusubiri mpira uwe hewani ndipo amtafute Thabeet. Alimwekea nyonga kwenye mapaja mapema, akamsukuma hatua moja chini ya ringi, na mtu aliye chini kabisa ya ringi hana ribaundi ya kuokota. Wakati mmoja mikono yao ilinasana wakigombea mpira, na Blair akamrusha Thabeet juu ya bega lake hadi chini. Picha hiyo ilizunguka Marekani nzima, lakini yenye maana zaidi ni hesabu: Blair pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh walishinda 76-68. Waliporudiana tarehe 7 Machi nyumbani kwa Pittsburgh, matokeo yalikuwa 70-60 kwa wenyeji, na safari hii aliyewaumiza Connecticut ni Sam Young, kwa mitupo ya mbali na kati.

Ligi ya Big East iliwapa Thabeet na Blair tuzo ya mchezaji bora kwa pamoja, na Thabeet akachukua peke yake ile ya mlinzi bora kwa mwaka wa pili mfululizo. Uamuzi wa kugawana ulikuwa sahihi, ingawa aliyeziona mechi zile mbili angeweza kuuliza.

Mechi ya Syracuse ya tarehe 12 Machi, Madison Square Garden, inakumbukwa kwa urefu wake: nyongeza sita, dakika 70 za mchezo, matokeo 127-117, watu wakitoka ukumbini baada ya saa saba usiku. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67. Kiufundi jambo la kutazama ni faulo. Vyuoni mchezaji ana faulo tano hata mechi ikirefuka kiasi gani, na wachezaji wanane wa timu zote mbili walitolewa usiku ule, Thabeet akiwa mmoja wao. Syracuse hawakuwahi kuongoza katika nyongeza yoyote kati ya tano za mwanzo. Ya sita waliianza kwa pointi tatu za Andy Rautins, na mbele yao hapakuwa tena na yule mrefu wa kuwafanya wasite kuingia.

Mwaka uliotangulia Connecticut walitolewa mashindano ya taifa na San Diego kwenye raundi ya kwanza, 70-69, siku ambayo Price aliumia goti. Safari hii walifungua kwa kuwabamiza Chattanooga 103-47 bila Calhoun, aliyekuwa hospitalini, kisha Texas A&M 92-66 na Purdue 72-60. Missouri, timu inayokimbia na kubana uwanja mzima, ilikuwa mtihani wa aina nyingine kabisa, maana dhidi ya presha ya namna ile Thabeet anakuwa mtazamaji mpaka mpira uvuke nusu ya uwanja. Walker akitokea benchi alifunga pointi 23, akiivunja presha kwa chenga na kasi, na Connecticut wakafika nusu fainali kwa 82-75.

Detroit, tarehe 4 Aprili, kocha Tom Izzo wa Michigan State alichagua njia tofauti na ya Blair. Hakuagiza watu wake wapigane na Thabeet, aliagiza wamtangulie. Kila ribaundi ilitolewa haraka kwa Kalin Lucas, naye akakimbia wakati Thabeet bado yuko upande wa pili akigeuka. Ulinzi unaomtegemea mtu mmoja kukaa nyuma unakuwa ulinzi wa kawaida sekunde zile tatu au nne ambazo hajafika. Lucas alifunga 21, Raymar Morgan 18, na Durrell Summers akadanki juu ya Stanley Robinson wa Connecticut kwenye shambulizi la kasi huku watu 72,456 wa Ford Field, wengi wao wenyeji wa Michigan, wakiwa wamesimama. Thabeet alipata pointi 17 na hazikutosha: 82-73.

Juni mwaka huohuo Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili kwenye uteuzi wa NBA, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Chuoni aliacha jumla ya bloku 417 katika misimu mitatu, pungufu 24 tu kwa Emeka Okafor, anayeshikilia rekodi ya Connecticut.